Mama Mkwe na Kabati la Picha

Nyirabagenzi aliteremka kutoka vilima vya Masisi mwanzoni mwa mvua, mwaka wa hamsini na tano, kichwani amebeba kitunga cha maharage, moyoni amebeba neno moja tu: mjukuu. Binti yake Libérata alikuwa ameolewa Kibua na seremala mmoja, Gustave, mtu wa Walikale mwenye mikono mirefu na maneno mafupi. Mtoto wao alikuwa na miezi minane, anatambaa, anaonja kila kitu cha chini. Bibi gani angebaki Masisi kuangalia mawingu?

Shida ilikuwa desturi. Katika ukoo wa Gustave, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, wala hawasemeshani. Kukiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu. Kwao Nyirabagenzi heshima ilikuwapo pia, lakini haikufika kiasi cha kukimbizana. Basi siku ya harusi, walipomweleza, aliipokea desturi ile kama kikwembe kipya. Akaivaa, akaizungusha kiunoni, akawapita wenyewe. Akimwona Gustave ng'ambo ya mto, huyo kwenye migomba. Akisikia kikohozi chake, uso ukutani. Siku moja alikuta shati la Gustave limeanikwa kwenye kamba, akainamisha kichwa na kulipisha njia.

Wanawake wa Kibua walipiga makofi. "Huyu njo mama mukwe! Musimuone hivi, anaogopa hata shati!"

Na sifa ni kama tope la Kibua: kuingia ni hatua moja, kutoka unaacha kiatu.

Kwa hiyo Nyirabagenzi hakulala kwa binti yake. Alilala nyumba ya ng'ambo ya njia, kwa Mama Emérita, mjane mnene mwenye kucheka na tumbo. Kwa Libérata aliingia tu wakati Gustave yuko katika ateliye yake, karakana iliyoshikana na nyumba, mlango mmoja tu katikati. Randa ndiyo ilikuwa saa yake. Randa ikilia, bibi yuko ndani anabembeleza mtoto. Randa ikinyamaza, bibi mbio, mara nyingine na mwiko mkononi. Lakini siku ya Mungu, Jumapili, randa hailii. Siku ya Mungu alikaa kwa Emérita, akamsikia mjukuu anacheka kule ng'ambo, anachekea watu wengine.

"Ingia tu," Emérita alimwambia. "Utafunga macho."

"Na sifa yangu nitaiweka wapi?"

"Kwani unaila na bugali?"

Nyirabagenzi aliendelea kuchambua maharage ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Mambo yakiwa hivyo, ndipo masini zikafika.

Gustave alikuwa ametengenezea misioni viti virefu vya kanisa, arobaini na viwili, hata kimoja hakiyumbi. Padiri akafurahi sana. Alikuwa na masini mbili za kuonyesha picha ambazo hazitumii tena, kwa sababu amepata mpya, akamwambia Gustave: "Chukua zote mbili, jaribu nyumbani. Siku ya kwanza, Jumatatu hii, nitapita kwa safari yangu. Utabaki na moja, na nyingine itaenda kwa katekista wa Ntoto. Chagua vizuri, kwa maana sitakubadilishia."

Masini ya kwanza ilikuwa taa yenye jicho refu. Unaiwasha kwa petroli, unaweka mbele yake kioo kidogo cha picha, na picha inaruka, inakwenda kujibandika ukutani, kubwa kama ukuta wenyewe. Ya pili ilikuwa kabati. Taa imefungwa ndani, kwa nyuma. Mbele kuna kioo cheupe kama maziwa, na picha inatokea kwenye kioo kile, ukubwa wa sinia. Anayewasha anakaa mgongoni mwa kabati. Anayetazama anakaa mbele. Vioo vya picha vilikuwa kumi na viwili, vilevile kwa masini zote mbili.

Kibua nzima ikawa na maoni. Mwenye maoni makubwa kuliko wote alikuwa Marcellin, rafiki wa Gustave, mwindaji, mtu ambaye kwa maneno yake alikwisha kuua nyati wengi kuliko walioko msituni.

"Kabati?" Marcellin alisema njiani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Emérita. "Foto ya sinia? Sasa tembo ataingia mule namna gani, atakunjwa kama mukeka? Na wewe mwenye kitu, Gustave, utakaa nyuma, uangalie mbao! Chukua ile ya ukuta. Mwanaume anataka ukuta."

Nyirabagenzi alisikia yote, sikio likiwa kwenye ufa wa mlango. Roho ilimruka. Picha! Katika maisha yake yote alikuwa ameona picha moja, ya mtakatifu mmoja mwembamba katika kitabu cha sala. Sasa kumi na mbili zitaonyeshwa ng'ambo ya njia, watu wote wataziona, hata mtoto wa miezi minane ataziona, na yeye peke yake atabaki hapa na maharage safi.

"Emérita," alisema, "una mukeka mukubwa?"

Siku ya posho, Jumamosi mchana, mvua ilinyesha nzito, na Libérata akafunga madirisha ili chumba kiwe na giza. Watu walipoingia walikuta kwenye kona mkeka umesimama wima, umejiviringisha, una kitundu kidogo upande wa juu. Chini yake vilionekana vidole kumi vya miguu. Kila mtu aliviona, na kila mtu akaanza kutazama dari. Gustave mwenyewe alipita karibu na ile kona amegeuza uso upande mwingine, kama mtu anayepita kaburini.

"Ile mukeka ni ya nini?" Marcellin aliuliza.

"Ni mukeka," Libérata akajibu.

"Iko na vidole."

"Papa Marcellin, ulikuja kuangalia mikeka?"

Taa ikawashwa. Picha ya kwanza, mlima wenye theluji. Ya pili, meli. Ndani ya mkeka Nyirabagenzi alikuwa anaona nusu ya kila kitu, kwa sababu kitundu kilikuwa kidogo na mtu mmoja mwenye kichwa kipana alikuwa amekaa mbele. Lakini nusu ya meli pia ni meli! Alibana pumzi kwa furaha. Mjukuu naye, ambaye hakujua desturi, alikuwa ametambaa mpaka kwenye kona, akapata vidole, akaanza kuvionja.

Ndipo Gustave akaweka tembo.

Tembo aliingia ukutani mzima mzima, masikio wazi, mguu mmoja juu, na wakati uleule mtoto aliuma kidole gumba kwa meno yake mawili mapya.

"Yeeee! Mama weee!"

Mkeka uliruka. Ulikimbia katikati ya chumba, ukapita mbele ya taa, na kivuli chake kikapanda ukutani, kirefu kuliko tembo, kinatetemeka, kina miguu. Marcellin, muuaji wa nyati, alitoa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Hakutafuta mlango. Alitoka kwa kupitia dirishani, na dirisha akaenda nalo. Gustave alijitupa chini kifudifudi, uso ndani ya kapu la viazi, ili asimwone mama mkwe. Mkeka ukajigonga mlangoni mara mbili, mara ya tatu ukapata njia, ukavuka barabara katika mvua.

Kwa Emérita, Nyirabagenzi alijikunjua kama kifurushi, amelowa, analia.

"Amekwisha kuniona."

"Hakukuona. Aliona mukeka."

"Aliona kivuli changu!"

"Aliona kivuli cha mukeka. Wewe uliona tembo, yeye aliona viazi. Mukwe na mama mukwe wameonana wapi?" Emérita alikuwa amejishika ubavu kwa kucheka. "Marcellin njo ameonekana."

"Usinifariji. Kesho kutwa nitarudi Masisi. Mama mukwe wa kukimbia na mukeka! Wataimba juu yangu mpaka Walikale."

Na alikuwa anasema kweli, maana kitunga alikwisha kukishusha, na maharage alikuwa anayarudisha ndani yake konzi kwa konzi. Lakini kila baada ya konzi alisimama kidogo, akasikiliza kama kuna mtoto anacheka.

Kesho yake, siku ya Mungu, baada ya misa, Libérata alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni.

"Mama, Marcellin amefika tangu asubuhi, anamusukuma bwana wangu achukue ile ya ukuta. Anasema, si mama mukwe wako anarudi kwao, sasa unamuogopa nani? Lakini nimekataa. Padiri alisema ajaribu zote mbili. Amejaribu moja. Saa hii anang'oa mulango wa ateliye."

"Anang'oa mulango?"

"Njoo uone. Hautamuona hata kucha."

Kwa kweli seremala alikuwa amefanya kazi ya seremala. Mlango wa katikati ya nyumba na ateliye alikuwa ameung'oa. Katika tundu lake ameingiza kabati, mgongo upande wa ateliye, kioo upande wa chumba, na kila nafasi iliyobaki, juu, chini, kando, ameipigilia mbao, amezisugua, amezishindilia hata mende hawezi kupita bila kuomba ruhusa. Nyirabagenzi alipitisha kiganja juu ya mbao zile. Hakupata ufa. Akaketi mbele ya kioo, wazi, bila mkeka, kikwembe chake kizuri mabegani, mjukuu mapajani. Kando yake Emérita, na nyuma Marcellin, amejibandika karibu na mlango mkubwa, safari hii amefanya hesabu yake ya kutoka.

Kioo kikawaka cheupe. Kisha mtu akatokea, anatembea na kichwa.

"Amegeuka!" Nyirabagenzi alisema. "Libérata, mwambie kwamba muntu yuko juu chini."

Hapo ndipo kabati lilipoonyesha tabia yake. Anayewasha hakuona kilichotokea mbele. Anayeona hakuwa na mkono kule nyuma. Mlango wa katikati umezibwa, na desturi iko palepale. Libérata akatoka nje katika manyunyu, akazunguka nyumba, akaingia ateliye, akasema, akazunguka, akarudi.

Kioo kikazimika, kikawaka. Mtu amesimama kwa miguu. Alikuwa anampa mwenzake mkate.

"Na mukono wa kushoto!" Nyirabagenzi aliruka kwenye kiti. "Anamupatia muntu chakula na kushoto! Huyu nani alimulea? Libérata, mwambie!"

Libérata akazunguka. Kioo kikazimika, kikawaka. Sasa mkono ulikuwa wa kulia lakini kichwa kimerudi chini.

"Libérata..."

Libérata alizunguka. Aliporudi mara ya tano alikuwa na tope mpaka magotini. Akaketi chini pale mlangoni, akanyoosha miguu.

"Mama, miguu yangu si barua. Nimechoka."

"Niliwaambia," Marcellin alisema. "Kabati ni ujinga. Watu wawili wa kutumia kitu kimoja, na hawasemeshani! Gustave! Leta ile ya ukuta, tumalize."

Nyuma ya mbao ilisikika tu petroli inapumua. Nyirabagenzi alitazama kioo. Mtu yule alikuwa ananing'inia kama popo, na mkate wake. Aliona wazi: Libérata akikataa kuzunguka, kabati litakwenda Ntoto. Kabati likienda Ntoto, ukuta utashinda, na mama mkwe hana nafasi katika nyumba yenye ukuta. Mtoto mapajani alimshika kidevu. Mambo ya dunia ni mazito, lakini kidevu kikishikwa namna ile, mtu anaamua upesi.

Akakohoa. Akajiweka vizuri kikwembe. Akasema, uso wake ukitazama kioo, sauti yake ikiwa ya mtu anayesemesha chombo cha nyumba:

"Wewe kabati."

Emérita alijiziba mdomo.

"Nasema na wewe, kabati, sisemi na muntu. Huyo baba uko unamuonyesha, mugeuze miguu chini. Mukono mwenye mukate, ubaki wa kuume."

Kutoka ndani ya mbao ikaja sauti nene, iliyobadilishwa kidogo, kama ya mtu aliyeweka pua katika kikombe:

"Kabati limesikia."

Kioo kikazimika, kikawaka. Mtu amesimama, mkate uko mkono wa kulia, dunia imerudi mahali pake.

"Aksanti, kabati. Hivyo hivyo."

"Mama," kabati likauliza, "anapatia nani huo mukate? Mimi kabati sina macho mbele."

"Anapatia muzee mumoja hana viatu. Sura yake kama muntu amekosa usingizi. Na nyuma kuna mbwa, mbwa mwenyewe ameuona mukate hata muzee hajauona."

Kabati likacheka. Lilikuwa na kicheko kizuri, cha chini kwa chini. Nyirabagenzi hakuwa amewahi kukisikia, kwa sababu miaka yote alikuwa kwenye migomba.

Ikaja picha ya seremala kazini.

"Sasa naona fundi," akaeleza. "Anapiga randa. Ubao wake umejaa mafundo, sijui nani alimuuzia. Na kando kuna kiti, mguu mumoja mufupi, kama kile cha Emérita."

"Cha Emérita kinayumba?" Kabati lilisahau kunenepesha sauti.

"Kinayumba kabisa. Mwaka mzima mwenzangu anakula akiwa anacheza."

"Alikitengeneza nani?"

"Sijui, kabati. Ni fundi mumoja wa hapa hapa. Watu wanasema viti vya kanisa ni vizuri. Vya wajane njo anaharakisha."

Emérita alianguka kutoka kwenye kiti kwa kucheka, na kile kiti kilikuwa kizima.

"Mwambie mwenye kiti akilete kesho," kabati lilisema kwa unyenyekevu.

Kufika picha ya sita Nyirabagenzi alikuwa amesahau aibu, amesahau Masisi. Alivuta kiti karibu. Kwao, mvua ikinyesha na watu wakiwa pamoja, kuna jambo moja tu la kufanya.

"Sakwe sakwe!" akalitupia kabati.

Mtu wa Walikale angejua wapi la kuitikia?

"Jibu *soma*," Libérata alipiga kelele kutoka mlangoni. "Ni kitendawili!"

"Soma!" kabati likasema.

"Majirani wawili, kati yao kilima kimoja. Asubuhi wanaamuka pamoja, wanalala pamoja. Tangu kuzaliwa hawajaonana."

Kabati lilifikiri. Mbao zilisikika zikikunwa, kama mtu anajikuna kichwa akiegemea.

"Ni..." likasema polepole, "ni mukwe na mama mukwe."

Neno lenyewe, ambalo miaka mitatu lilizungukwa kama shimo, limesemwa mchana, mbele ya watu, na kabati. Marcellin alishika mlango tayari. Libérata alifunga macho. Nyirabagenzi alitazama kushoto, alitazama kulia, migomba haikuwapo.

Kisha tumbo lake lilianza kutikisika. Akacheka mpaka mtoto mapajani akaruka kama yuko juu ya punda, na mtoto naye akacheka, na safari hii bibi hakuhitaji kuvuka njia ili kujua anamchekea nani.

"Hapana, kabati," alisema, akifuta macho na pindo la kikwembe. "Ni macho. Macho mawili, na pua katikati. Lakini jibu lako nalo si baya. Nalipokea nusu. Nipatie kilima kwa nusu ile nyingine."

"Nakupatia Ntoto," kabati likasema.

"Ntoto nifanye nayo nini? Iko na miiba."

"Basi Kibua."

Nyirabagenzi alifikiri kidogo, kama mtu anayepima nguo.

"Kibua nitakubali."

Siku ya kwanza Padiri alipita, ndevu zimejaa tope la njia na matone ya mvua. Nyirabagenzi alikuwa ng'ambo, kwa Emérita, sikio kwenye ufa wa mlango kama kawaida, kwa sababu kabati ni kabati lakini Gustave aliyesimama uani bado alikuwa Gustave. Picha kubwa ya ukuta ni kitu kizuri, alijua. Mwanaume anaweza kucheka siku ya Mungu na siku ya kwanza akatamani ukuta.

"Umechagua?" Padiri aliuliza.

"Chukua taa ya ukuta, Padiri. Mimi nabaki na kabati."

Marcellin alishika kichwa kwa mikono miwili. Padiri naye alishangaa. "Lakini mwanangu, na kabati wewe unakaa nyuma! Watu wote wataona, isipokuwa mwenye kuliwasha."

"Ni kweli, Padiri. Mimi nitaambiwa."

"Na nani?"

Gustave alikuna shingo, akatazama ng'ambo ya njia. Ufa ukafungwa upesi, paa!

"Na watu wa mbele," alisema.

Kwa Emérita, Nyirabagenzi alikaa chini palepale nyuma ya mlango. Akavuta kitunga, akaanza kuyatoa maharage, konzi kwa konzi, huku anaimba wimbo usio na maneno. "Nyungu yako kubwa iko wapi?" aliuliza. "Leo tunapika yote."

Tangu hapo siku ya Mungu mchana Kibua ilijaa kwa seremala. Picha zilikuwa kumi na mbili tu, na baada ya miezi miwili hata mtoto alizijua. Lakini Nyirabagenzi alizieleza kila mara upya. Mbwa wa picha ya mkate alipata jina, akapata deni la mfupa, akaoa. Siku moja Gustave alichukua kioo cha meli, akakitazama vizuri mkononi mwake kwenye mwanga, akakiweka, akasikia mama mkwe akitangaza upande wa pili:

"Leo naona arusi! Ng'ombe nane wanapanda kilima, na bibi arusi anakataa kuvuka mto, anasema viatu vyake ni vipya."

Marcellin, aliyekuwa amekaa mstari wa kwanza, alifungua kinywa kusema ile ni meli. Emérita alimkanyaga mguu.

Nyuma ya mbao ile sauti nene ikauliza, kwa hamu ya kweli:

"Na viatu ni vya rangi gani, mama?"